Ini lenye mafuta na sinia la nyumbani

Mafuta kwenye ini hayaumi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowafanya wengi wakae nayo miaka na miaka bila kujua, na ndilo linalomfanya hata aliyekwisha kuambiwa aikunje karatasi ya majibu, aitie kabatini, maisha yaendelee. Mimi ya kwangu niliyajua kwa bahati. Nilikuwa nikivimbiwa sana baada ya chakula cha usiku, daktari akataka kuhakikisha sina mawe kwenye kifuko cha nyongo, akaniandikia kipimo cha ultrasaundi. Mawe hayakuwepo. Ila chini kabisa ya karatasi paliandikwa kwamba ini linang'aa kuliko kawaida, mafuta daraja la pili. Aliyenikabidhi majibu aliniambia nyongo ni nzima, nikaruhusiwa kwenda.

Ule mstari wa mwisho nilimsomea wifi yangu kwenye simu. Ni muuguzi. Akaniambia, "Wifi, hilo usiliache lipite. Nenda kwa daktari wa magonjwa ya ndani, na uende na karatasi hiyohiyo." Namshukuru mpaka leo.

Swali la kwanza lililonikuta, kwa daktari na kwa ndugu, lilikuwa pombe. Daktari aliuliza kwa adabu na alikuwa na sababu, maana pombe nayo hulijaza ini mafuta na lazima ajue anashughulika na kitu gani. Kwa ndugu ilikuwa habari nyingine. Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Tanga. Pombe sijawahi kuitia mdomoni. Shangazi yangu aliposikia habari ya ini alinyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo ningependa kumwambia. Iliniuma sana, na nalisema waziwazi kwa sababu naamini wapo wanaoficha majibu yao kwa kuogopa swali kama hilo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya robo ya watu wazima duniani wana mafuta kwenye ini yasiyotokana na pombe. Wamo wacha Mungu humo, wamo watu wanaoonekana wembamba, na hata watoto huyapata.

Hofu ya pili ilikuwa ya kuambukiza. Huku kwetu mtu akisema "ini", wengi husikia homa ya ini. Jirani yangu mmoja aliacha kunywea kikombe cha kwangu. Mafuta kwenye ini hayaambukizi kwa namna yoyote, na hata homa ya ini B yenyewe hupitia damu, kujamiiana, na mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa, haipitii kikombe. Daktari alinipima virusi vya B na C kwanza, na nadhani kila mwenye shida ya ini anapaswa kupimwa. Nilipokutwa sina, akanishauri nichanjwe chanjo ya B, kwa kuwa ini lililokwisha kulemewa halihitaji mzigo wa pili. Nilichanjwa sindano zote tatu.

Nilitaka kuelewa mafuta yenyewe yanafikaje huko, maana nilifikiri ni mafuta ya kupikia yanayoteremka moja kwa moja. Daktari alinieleza hivi. Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu, limekaa chini ya mbavu za kulia. Sehemu kubwa ya tunachokula, ikishanyonywa na utumbo, hupitia kwake kabla ya kusambaa mwilini. Ni bohari: linapokea, linapanga, linaweka akiba ya sukari kwa saa za njaa. Akiba hiyo ina kikomo. Sukari na wanga vikizidi, ini hugeuza ziada kuwa mafuta. Mwili nao ukishakuwa mzito kuitika insulini, ile homoni inayoratibu sukari, mafuta ya kitambini huingia kwenye damu bila breki na mengi yake huishia inini. Ndiyo sababu soda na juisi vina lawama kubwa kuliko nilivyodhani, maana ile sukari ya matunda inayotiwa kwenye vinywaji huchakatwa zaidi na ini lenyewe.

Mafuta yakizidi asilimia 5 ya ini, hapo huhesabiwa ugonjwa. Wengi hubaki hapo. Kwa baadhi ini huanza kuvimba ndani kwa ndani, uvimbe huacha makovu, na makovu yakitapakaa ini hukakamaa na kusinyaa. Kule mwisho ndiko kwenye tumbo kujaa maji, macho ya manjano na saratani. Safari hiyo kwa kawaida ni ya miaka mingi, na sehemu kubwa yake mtu anaweza kurudi nyuma. Hili la kurudi nyuma ndilo lililonipa nguvu.

Lakini kuna jambo alilosema ambalo sikulitegemea hata kidogo. Wenye ugonjwa huu wengi hawauawi na ini. Wanauawa na moyo na mishipa ya damu. Kwa hiyo badala ya kuniandikia vipimo vya ini pekee, alichukua utepe akanipima kiuno, akanipima presha, sukari na lehemu (kolesteroli). Tangu 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali wamekubaliana kwamba mafuta ya ini ya aina hii hutambuliwa yakiambatana na angalau shida moja ya namna hiyo: unene au kiuno kipana, sukari iliyopanda, presha, au mafuta ya damu yaliyoharibika. Mimi kiuno kilikuwa sentimita 101, na kwa mwanamke kengele huanza kulia kwenye 80. Sukari kabla ya kula ilisoma 6.4. Haijawa kisukari, ila iko mlangoni. Baba yangu aliondoka na kisukari, kwa hiyo namba hiyo sikuhitaji kuelezwa maana yake.

Nafundisha hisabati, na kilichonituliza kuliko maneno yote ni hesabu. Kuna kipimo kinaitwa FIB-4 ambacho hakihitaji mashine mpya, kinatumia majibu ya damu ya kawaida kukadiria kama ini lina makovu mazito. Unazidisha umri kwa AST, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu. Kisha unagawa kwa chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT, kimeng'enya kingine cha ini. Daktari alikipiga kwenye simu, mimi nikaomba kalamu. Umri 47, AST 38, ALT 61, chembe sahani 245. Juu nikapata 1786, chini kama 1913, jibu 0.93. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu mazito ni mdogo. Juu ya 2.67 mtu aende kwa bingwa wa ini bila kuchelewa. Katikati ya hapo unatafuta kipimo kingine, kama kile kinachopima ugumu wa ini kwa kugusisha kifaa ubavuni. Daktari alinionya pia kwamba ALT inaweza kusoma sawasawa na ini likawa na mafuta, kwa hiyo mtu asilewe raha kwa karatasi moja nzuri.

Halafu akaniambia, "Mwalimu, dawa ya kukuandikia kwa ajili ya haya mafuta sina."

Nilivunjika moyo siku ile. Sasa naona alinitendea haki kwa kusema kweli. Dawa zipo zilizoanza kutoka. Marekani iliidhinisha resmetiromu mwezi Machi 2024, na Agosti 2025 ikaidhinisha semaglutidi kwa ugonjwa huu. Zote mbili ziliidhinishwa kwa watu ambao ini lao limekwisha vimba na kupata makovu ya kati hadi mazito, na wao pia huambiwa watumie pamoja na chakula bora na mazoezi. Mtu wa hatua yangu dawa yake ni uzito. Ukipungua asilimia 3 hadi 5, mafuta ya ini huanza kushuka. Ukifika 7 hadi 10, uvimbe nao hupoa. Kupita 10, hata makovu yanaweza kulegea. Nilikuwa na kilo 86, kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa kilo tatu hadi nne tu. Mtu akiniambia nipunguze kilo ishirini nakata tamaa papo hapo. Kilo nne nilizielewa. Na aliniasa nisizikimbilie, kwa sababu kukonda ghafla kwa kujinyima kabisa kunaweza kulichokoza ini badala ya kulisaidia.

Alinipa pia dawa ya kushusha lehemu, aina ya statini. Niliiogopa, nilikuwa nimesikia inaharibu ini. Akanieleza kwamba kwa mwenye mafuta kwenye ini dawa hizo ni salama na zinamkinga moyo, ambako hatari kubwa iko. Nimezitumia tangu hapo.

Ile nafasi iliyoachwa wazi na "dawa sina" ilijazwa haraka na watu wengine. Barabarani wanauza chupa za kusafisha ini, nyingine nyeusi, nyingine kijani, hazina hata jina la kilichomo. Dada yangu aliyeko Maskati alinitumia vidonge vya majani ya chai ya kijani yaliyokamuliwa, kwa upendo kabisa, mfuko mzima pamoja na haluwa. Nikampelekea daktari picha. Akasema chai ya kijani ya kunywa haina neno, lakini vidonge vyake vilivyokolezwa vimewahi kuwaumiza watu ini. Nilimpigia dada nikamweleza taratibu. Alihuzunika, akasema, "Mdogo wangu, nilitaka nawe upone." Najua. Lakini ini ndilo linalochakata kila dawa tunayomeza, ya hospitali na ya mitishamba, na kulipatia ini kitu kisichojulikana kwa jina la kulisafisha ni kulibebesha. Hata parasetamoli nimejifunza kuiheshimu: mtu mzima asivuke vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye shida ya ini amwulize daktari kiasi chake.

Kahawa ndiyo habari njema niliyoipokea kwa mikono miwili. Wanaokunywa kahawa mara kwa mara wameonekana kuwa na makovu machache ya ini. Tanga ni mji wa kahawa chungu, ile ya kikombe kidogo bila sukari. Naichukua bila kashata.

Sasa nifike penye kazi yenyewe. Nyumbani kwetu tunakula sinia moja. Mume wangu, watoto watatu, mama mkwe wangu aliyehamia kwetu kutoka Pangani, na aghalabu mgeni. Nilipotoka hospitali nilijipikia sufuria yangu: mchicha wa kuchemsha, ugali kidogo wa dona, samaki wa kuchoma. Kwa macho ya kitabu ilikuwa sahihi. Kwa macho ya nyumba yetu ilikuwa msiba. Nilikaa pembeni na sahani yangu, watoto wakaninong'ona, mwanangu wa mwisho akaniuliza kama nitakufa. Mama mkwe alikuwa akinivizia na kibakuli cha wali wa nazi, anasema, "Kula mwanangu, chakula cha mgonjwa hicho hakikai mwilini." Na mimi nilikula, kwa sababu mkono wa mama haurudishwi.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kukieleza kuliko vyote. Mtu hawezi kulitibu ini lake peke yake katika nyumba inayokula pamoja. Ushauri wa hospitali humwendea mtu mmoja: wewe punguza wanga, wewe acha soda. Lakini mimi sina wanga wangu. Wanga uko kwenye sinia, na sinia lina wenyewe. Ama nyumba nzima ibadilike kidogo, ama mimi nishindwe kabisa.

Nilimwomba mama mkwe anisindikize kliniki. Sikumwambia ni kwa nini, nilimwambia nahitaji mtu. Daktari, ambaye ni kijana, alimwamkia vizuri, akamwuliza zamani kwao Pangani walikuwa wakila nini. Mama akaanza: mlenda, matembele, mchunga, kunde za kuchemsha, ugali wa mtama, dagaa, papa kwa limau. Wali ulikuwa wa Ijumaa na wa sikukuu. Daktari akamwambia, "Basi bibi, huyu mkweo mrudishie hicho chakula. Wewe ndiye daktari wake wa kila siku." Mama alirudi nyumbani akiwa na cheo.

Kutoka siku hiyo jikoni kulibadilika bila vita. Mboga zikawa nyingi mpaka zikajaza nusu ya sinia, wali ukawa kilima kidogo katikati badala ya bahari. Choroko na kunde zikarudi. Mchuzi ukapikwa kwa tui la pili, lile jepesi, na kisamvu kikapunguziwa nazi na karanga, maana mboga ya majani ikipikwa hivyo inaweza kubeba mafuta kuliko nyama. Samaki wakachomwa au kuchemshwa kwa ukwaju na pilipili, wa kukaanga wakabaki kwa nadra. Chapati ikawa ya siku ya Ijumaa. Mafuta ya kupikia, ambayo zamani yalimiminwa kwa jicho, yakaanza kupimwa kwa kijiko. Watoto walilalamika wiki za mwanzo, kisha wakazoea, na binti yangu mkubwa ndiye mlinzi wa kile kijiko siku hizi.

Sukari ilikuwa ngumu zaidi ya wali. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu inayotokana na chakula cha siku, na ikishuka kwenye 5 ni bora zaidi. Hiyo 5 ni kama gramu 25, vijiko vya chai sita. Soda moja ya mililita 350 ina karibu gramu 37. Yaani chupa moja ya mgeni inavuka kiwango cha siku kabla hajagusa chai. Na chai yetu tulikuwa tukiikoroga vijiko vitatu kikombe, asubuhi, alasiri na usiku. Niliteremsha kijiko kimojakimoja, nikikaa kwa muda kwenye kila ngazi mpaka ulimi unyamaze, na mchaichai na hiliki vikasaidia. Sasa chai yenye sukari nzito inanichefua.

Juisi ilinigusa kwa sababu ya machungwa. Sisi tuko jirani na Muheza, msimu ukifika machungwa ni ya gunia, na fahari ya nyumba ni jagi la juisi. Kumbe glasi moja inameza machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zote zinabaki kwenye chujio, sukari inateremka kwa mkupuo. Chungwa lenyewe, ukilimenya na kulila na nyama zake, halina shida. Mtu anakula moja anatosheka. Tumeacha kukamua. Mgeni anapewa dafu, au maji baridi na chungwa lililokatwa, na sijaona aliyetukasirikia.

Nje ya nyumba ndiko ninakotokwa jasho. Harusini, matangani, maulidini, kukataa chakula ni kumkataa mwenyeji. Nimejifunza kukaa upande wa sinia wenye kachumbari na nyama, kula polepole, kutia mkono mara kwa mara kwa kiasi kidogo. Mwenye nyumba anachotaka kuona ni mkono wako unaingia. Wapo wenzangu wanaosema moja kwa moja kwamba daktari kanikataza, na sioni ubaya. Mimi hilo linanishinda mbele ya wazee.

Ramadhani nilidhani itanifanyia kazi yote. Daktari aliniruhusu kufunga kwa kuwa situmii dawa za kisukari. Anayezitumia lazima apangiwe upya na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Mchana wote sili, nitakosaje kupungua? Ramadhani ya kwanza baada ya majibu niliongezeka. Ukiitazama futari yetu utaona: tambi za sukari, kaimati kwenye shira, muhogo wa nazi, viazi vitamu, sambusa, uji mtamu, juisi, na baada ya tarawehe wali. Mwaka uliofuata tulifuturu kwa tende moja mbili na maji, supu ya samaki au uji wa pilipili manga bila sukari, kisha sahani moja ya futari ya wanga iliyochaguliwa, aidha muhogo aidha viazi, siyo vyote. Kaimati zilipikwa mara chache na zilipopikwa tulizifurahia kweli. Mwezi huo uzito ulishuka.

Na uzito uliposhuka, maneno yalianza. Hili halimo kwenye vijikaratasi vya hospitali na lingestahili kuwemo. Kwetu mwanamke akinenepa ndoa yake inasifiwa. Akikonda anaulizwa. Shuleni waliniuliza kama naumwa, sokoni waliniuliza kama kuna msiba, wengine hawakuuliza, walitazama tu na kukisia maradhi wanayoyaogopa. Mume wangu aliulizwa na rafiki zake kama hanitunzi. Nilimwonea huruma, lakini alisimama imara. Akawajibu kwamba mke wake ana ini lenye mafuta na wote nyumbani wanajitibu, nao wapime viuno vyao. Mmoja wao alikwenda kweli, akakutwa na sukari. Nawaomba wanaoanza safari hii wajiandae kwa maneno, na waume au wake zao wajiandae pia, kwa sababu nimewaona watu wakirudia kula ili wanenepe waache kuulizwa.

Mazoezi nitayasema kwa ufupi kwa kuwa hayakunisumbua. Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukuhemesha kidogo ndizo zinazopendekezwa kwa uchache, na mwendo unapunguza mafuta ya ini hata kabla mizani haijasogea. Mimi na wifi yangu tunatembea baada ya alasiri kuelekea Raskazone, kwenye upepo wa bahari, tumevaa mabaibui yetu na raba. Mume wangu alirudia baiskeli yake, na kwa mji wetu baiskeli si jambo la kumshangaza mtu. Siku za mvua napanda na kushuka ngazi za shule.

Kupungua hakukuwa mstari ulionyooka. Kulikuwa na muhula mzima mizani haikutikisika, wakati wa kusahihisha mitihani, nikila usiku na kulala kidogo. Baada ya mwaka na kitu nilikuwa kilo 78 na nusu, yaani nimepungua karibu asilimia 9. ALT ilishuka hadi 33, sukari ya asubuhi 5.5, kiuno sentimita 92. Ultrasaundi ikasema mafuta daraja la kwanza. Bado yapo. Kiuno bado kimevuka mstari. Daktari anataka nirudi kila mwaka, na mimi nimekwisha kukubali kwamba hili halina siku ya kumaliza dozi.

Kinachonishughulisha sasa ni mdogo wangu wa kiume aliyeko Dar es Salaam. Ni mwembamba, shati lake halijawahi kumbana, na kwa miaka alinicheka mimi na mwendo wangu wa jioni. Kwa sababu ya baba nilimsihi apime. Sukari imepanda, mafuta ya damu yako juu, na ultrasaundi ikaonyesha ini lenye mafuta. Nilipompigia hesabu ya FIB-4 kwa majibu yake, umri 43, AST 52, ALT 48, chembe sahani 190, ilikuja 1.7. Haiko chini, haiko juu sana, iko pale katikati panapohitaji kipimo cha ugumu wa ini, na ameshaandikiwa. Wembamba wake ulimfanya kila mtu, pamoja na madaktari, asimtilie shaka.

Likizo hii nakwenda kumsindikiza. Namba itakayotoka huhesabiwa kwa kilopaskali. Ikiwa chini ya 8, makovu mazito hayatarajiwi na atabaki kwenye kliniki ya kawaida. Ikizidi, ataonwa na bingwa wa ini. Wifi yangu wa Dar nimeshazungumza naye kwenye simu kuhusu soda za chakula cha mchana na chipsi mayai za usiku. Amenijibu, "Dada, njoo kwanza, tukae naye pamoja." Mama mkwe naye ameniandalia kifurushi cha kunde na unga wa mtama, akaniagiza nimwelekeze wifi jinsi ya kuupika.